Mtego si Mtindo

Mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuanzia mchezo wa sataranji. Hesabu mwenyewe: askari 8, kila mmoja na hatua mbili, farasi wawili, kila mmoja na miraba miwili ya kurukia. Katika hizo 20, vitabu vinazisifu nne au tano, vinazivumilia nyingine kadhaa, na zilizobaki vinazitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja shemeji mlevi. Ya mwisho kabisa, ile ambayo programu za kompyuta huiweka mkiani, ni g4. Askari wa upande wa mfalme anatoka miraba miwili mbele, peke yake, hana wa kumlinda, na nyuma yake ukuta wa mfalme umebaki na pengo.

Sasa zunguka kwenye meza za sataranji kuanzia Mtwapa mpaka Malindi. Utakutana na hiyo g4 mara nyingi kuliko inavyostahili. Utakutana na b4 pia, na utetezi unaoanza kwa a6, na gambiti zenye majina ya Wazungu ambao hakuna anayejua walikuwa nani. Ligi zetu huku ni za ridhaa: watano kwa watano, saa za kuazima, mwalimu wa sekondari anakaa mbele ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, dereva wa tuktuk mbele ya mhudumu wa hoteli ambaye msimu umemwishia. Hakuna anayelipwa. Kwa hivyo mtu akiamua kuanza vibaya makusudi, swali si la pesa. Ni la ladha, na ladha inahakikiwa. Mianzo hii ya pembeni naisoma kama ninavyosoma mashairi: inasema nini, inamwambia nani, na je, inastahimili kusomwa mara ya pili?

Hilo la mara ya pili ndilo kipimo changu, na nakitoa mapema ili usichome bando kunifuata bure. Je, ungethubutu kuucheza mwanzo huu tena, wiki ijayo, na mtu yuleyule? Mianzo mingi inayopigiwa debe kwenye simu inafeli papo hapo. Inayofaulu ni michache, na si ile uliyodhani.

Tuanze na inayopendwa zaidi, gambiti ya Englund. Mweupe anaanza d4. Mweusi anajibu e5, anamlisha askari bure. Mweupe anakula. Farasi wa mweusi anatoka c6, wa mweupe anatoka f3 kulinda alichokula, malkia wa mweusi anasogea e7, askofu wa mweupe anakuja f4 kuongeza ulinzi. Mpaka hapo kila mtu amecheza kama mwenye akili zake. Halafu malkia anaruka b4, cheki. Askofu anarudi d2 kuziba. Malkia anamla askari wa b2, na sasa anaichungulia ngome ya a1. Mweupe amekasirika kidogo. Anasogeza askofu c3 amfukuze huyu malkia mtembezi. Amekwisha. Askofu wa mweusi anatua b4, yule askofu wa c3 amebanwa mbele ya mfalme wake, malkia mweupe anakimbilia d2 kusaidia, wanalana c3, na malkia mweusi anashuka c1. Mati. Hatua ya 8.

Ni tamu, sikatai. Mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu ndani ya matatu mpaka abiria wa kando akavuta mkoba wake. Lakini itazame tena taratibu. Mweusi hakufikiri hata mara moja. Alikariri njia moja nyembamba, akaomba Mungu mwenzake asipite kando yake. Ikiwa kwenye hatua ya 6 mweupe atatoa farasi c3 badala ya askofu, basi malkia mweusi amebaki kule b2 kama mtu aliyekosa basi la mwisho, na jeshi lake lote bado limelala. Kichekesho ni kwamba vijana wanaoucheza mwanzo huu hukuambia wamechoka na vitabu, wamechoka kukariri kama kasuku, wao wanataka uhuru. Uhuru gani huo wenye barabara moja? Anayecheza mwanzo wa Kihispania, ule unaochekwa kuwa wa wazee, ana njia kumi za kuchagua kila baada ya hatua tatu.

Stafford ni ndugu yake, wa baba mmoja mama mmoja. Mweusi anatoa askari wa e5, farasi wanalana c6, na mweupe akisahau tu akamleta askofu g5 kumbana farasi, mweusi anamtoa malkia wake mzima na kumfunga mfalme kwa askofu wawili na farasi. Umaarufu wake ulipanda kuanzia 2020 hivi kwa video za Mmarekani Eric Rosen, mtu mpole, mcheshi, asiyeficha kwamba kitu anachouza kina ufa. Simlaumu. Anacheza na watu wasiomjua, dakika tatu kwa tatu, na akishinda anapata mwingine.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Mianzo hii imetungwa kwa ajili ya mgeni. Kwenye Lichess au Chess.com unakutana na mtu wa Manila, unamnasa, anatoweka, hamwonani tena mpaka kiyama. Bahari haina mwisho, samaki ni wapya kila siku, basi ndoano moja yakutosha maisha yote. Mtego unaofanya kazi mara moja kwa kila mtu ni mtego wa milele ikiwa watu hawaishi.

Huku kwetu watu wanaisha. Kutoka Malindi mpaka Kilifi mjini ni kama kilomita 60, na wanaokaa kwenye meza hizi wanajuana kwa majina ya utani. Yule uliyemnasa raundi ya kwanza utakutana naye raundi ya pili, na kabla ya hapo utakutana naye sokoni, kwenye foleni ya mahamri, kwenye harusi ya binamu yake ambaye pia ni binamu yako. Jumapili jioni mtego wako umeshafika kwenye kundi la WhatsApp, na picha ya ubao, na mtu ameshaandika chini yake, “Farasi c3, mchezo umekwisha.” Anayeishi kwa mitego katika mji mdogo ni kama kinyozi anayeharibu vichwa. Atahama mtaa baada ya mtaa mpaka mitaa imwishie.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Mwaka jana nilimwona msichana wa kama miaka 14, siku yake ya kwanza kucheza kwa saa, akifungwa kwa ile Englund. Hatua 8. Alikaa akiutazama ubao muda mrefu, kisha akamuuliza mwenzake, kaka mkubwa tu wa chuo, kwa adabu kabisa: “Kaka, nimekosea wapi?” Jamaa akatabasamu. “Siri ya jikoni hiyo, mdogo wangu.” Akainuka kwenda kununua viazi karai. Msichana hakurudi raundi ya tatu, na sijamwona tangu siku hiyo. Huenda alikuwa na sababu nyingine. Lakini lile jibu ndilo ninalolihakiki hapa, kuliko hata mwanzo wenyewe.

Kwa sababu lugha yetu inajua kutega. Sikiliza watoto jioni: “Kitendawili!” Na wenzake wanajibu nini? “Tega!” Neno ni lilelile la mtego. Msikilizaji mwenyewe ndiye anayeomba ategwe. Anajua kuna shimo, hajui liko wapi, anakubali kutembea. Akishindwa anatozwa mji: “Haya, nipe mji.” Anatoa Mombasa, anatoa Lamu, mtegaji anajifanya mfalme wa mji huo kwa dakika moja, halafu (hapa ndipo uzito ulipo) ni lazima ataje jibu. Hakuna kitendawili kisichotajiwa jibu. Mtoto aliyeshindwa leo, kesho anakwenda kuwatega wengine kwa kitendawili hichohicho. Mchezo unakua kwa sababu siri inakabidhiwa.

Mtego wa sataranji ungeweza kuwa hivyo. Mfunge mwenzio hatua ya 8, sawa, halafu zirudisheni kete mahali pake, mwonyeshe c3 ya askofu na c3 ya farasi, mwache akakutegee wewe wiki ijayo. Wapo wanaofanya hivyo. Wengi hawafanyi, kwa sababu mtego ni mali yao pekee, na wakiutoa wamebaki watupu. Huo ndio ukosoaji wangu mkubwa juu ya mianzo ya aina hii: inamfanya mchezaji awe bahili.

Sasa njoo upande wa pili, kwa mianzo ya ajabu isiyokuwa na siri.

Chukua b4. Mwaka 1924, kwenye mashindano makubwa ya New York, Savielly Tartakower alitembelea bustani ya wanyama ya Bronx, akavutiwa na orangutan mmoja jike aliyeitwa Susan, na kesho yake akaanza mchezo dhidi ya Maróczy kwa kumpeleka askari wa b miraba miwili. Tangu hapo mwanzo huo unaitwa Orangutan. Hadithi ni nzuri kiasi kwamba watu husahau kuutazama mwanzo wenyewe. Utazame. Hakuna mtego. Askofu anatoka b2, anaikata bodi yote kwa mshazari mpaka g7, na askari wa b4 anakwenda kubana farasi wa upande ule. Ni wazo ambalo mpinzani analiona lote kuanzia dakika ya kwanza. Miaka karibu 40 baadaye, mwaka 1963, Msovieti Alexey Sokolsky aliutolea kitabu kizima. Huwezi kuandika kitabu kizima juu ya siri. Siri inatosha ukurasa. Nawajua watu wawili wa Kilifi wamekuwa wakichezeana b4 tangu kabla ya korona, kila mmoja anajua kila anachojua mwenzake, na bado kila mara wanafika mahali hakuna aliyewahi kufika. Mara ya pili? Wako kwenye mara ya mia.

Au chukua ule utetezi wa a6. Skara, Uswidi, 1980, mashindano ya timu za Ulaya. Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, anaanza e4. Mwingereza Tony Miles anajibu a6, hatua ya mtu aliyeanza kucheza jana, kisha b5. Inasimuliwa kwamba ukumbi ulicheka. Baada ya hatua zaidi ya 40 bingwa wa dunia alisalimu amri. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba Miles alimtega Karpov, na hapo wanakikosea kabisa. Upitie mchezo huo hatua kwa hatua: hakuna mtego hata mmoja. Miles alimwachia katikati yote, akapanga kete zake kwa utulivu, na akamlazimisha mtu aliyejua vitabu vyote duniani akae saa nzima bila kitabu hata kimoja. Kisha akamshinda kwa sataranji ya kawaida. Mwanzo ulikuwa wa ajabu. Ushindi haukuwa wa ajabu. Ndiyo tofauti ninayoitafuta.

Mtu aliyeishi ndani ya tofauti hiyo maisha yake yote ni Michael Basman, Mwingereza mwingine, aliyezaliwa 1946 na kufariki 2022. Basman alicheza g4, ile ya mkiani. Hakuicheza mara moja kwa mzaha. Aliicheza miaka na miaka, kwa kete nyeupe, na akiwa na nyeusi alicheza g5. Kitabu chake cha 1991 kilikuwa na jina la kikatili, The Killer Grob, kwa kumbukumbu ya Henri Grob wa Uswisi aliyeupenda mwanzo huo kabla yake. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Basman alikuwa akirekodi masomo ya sataranji kwenye kaseti. Kaseti! Hakuna ubao wa kutazama, ni sauti tu ya mtu akikueleza kwa nini amefanya jambo lisilofaa. Sisi tuliolelewa na taarabu na mawaidha ya kaseti tunajua maana yake: lazima usikilize, urudishe nyuma, uweke kete yako mwenyewe. Mwaka 1996 akaanzisha mashindano ya watoto wa shule Uingereza, na yakawa makubwa kupindukia. Angekuwa bahili wa siri, asingefanya lolote kati ya hayo.

Je, g4 ni mwanzo mzuri? Hapana. Nimeshasema iko mkiani, na mkia una sababu. Hata ndani yake kuna mtego mdogo: mweusi akimla askari wa g4 kwa askofu, kisha akala tena c4 kwa pupa, askofu mweupe wa g2 anafagia b7 na ngome ya a8 haina pa kukimbilia. Wanaoicheza kwa ajili ya hilo tu ni ndugu wa Englund, wamebadilisha kanzu. Lakini toa mtego huo, mwambie mpinzani waziwazi, na bado pamebaki mchezo: mweupe ana askofu mrefu, ana askari anayetaka kwenda g5, na ana jeraha ambalo atalibeba mpaka mwisho. Ni mwanzo wa mtu anayeanza akiwa na deni na kusema, tuone. Naweza kuuheshimu huo. Siupendi, ila nauheshimu.

Kuna hoja moja ya upande wa mitego ambayo si ya kupuuza, nayo ni ya mfuko. Nadharia ni ya wenye nafasi. Kozi za mianzo zinauzwa kwa dola, makocha wako Nairobi, usiku mzima wa basi kutoka hapa, na wanaocheza ligi ya taifa chini ya Chess Kenya wana wenzao wa kufanya nao mazoezi kila jioni. Mtoto wa Majengo ana simu ya skrini iliyopasuka na bando la shilingi ishirini. Video ya dakika moja ndiyo anayoweza kuimudu. Kwa nini nimnyime silaha yake pekee?

Nakubali nusu. Ni kweli kwamba anayemchezea mtu wa vitabu vitabu vyake anajipeleka machinjioni. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kucheza b4, wala si Englund. Kwa b4 mtoto wa Majengo na jirani yake wanaweza kukaa kibarazani, bila bando kabisa, wakagundua wenyewe nini kinafuata, na walichogundua ni chao. Video ya mtego nayo ni bidhaa kama kozi. Imetengenezwa itazamwe, isahaulike, utafute nyingine. Maskini hapati usawa kwa kununua vitu vya bei rahisi kutoka duka lilelile.

Na adabu je? Hili huku Pwani haliepukiki. Ukikaa mbele ya mtu aliyekuzidi umri, ukaanza kwa hatua ya kipuuzi, unamwambia nini? Machi 2021 Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, na Hikaru Nakamura walicheza kwenye mtandao mchezo ulioanza kwa wafalme wote wawili kutoka nje hatua ya pili, e2 na e7, kisha wakarudi, wakatoka, wakarudi, wakaandikiana sare. Mwanzo huo wa mfalme kutembea una jina la kihuni, Bongcloud, na dunia nzima ilicheka. Nilicheka pia. Wale wawili walikuwa wameshafuzu raundi inayofuata, wako sawa kwa cheo, kila mmoja alijua mwenzake anajua. Ni utani wa mashemeji. Nimewaona vijana wetu wakiuiga mbele ya mtu aliyejifunza sataranji mwezi uliopita, na hapo si utani tena; ni kumwambia, nakushinda hata nikiwa nimefunga macho.

Siku moja kule Shela, Malindi, ubao wetu uliwekwa kando ya bao. Mzee aliyekuwa akingoja zamu yake akageuka kututazama. Kijana mwenye nyeupe akacheza g4.

“Mwanangu,” mzee akasema, “mbona wafungua mlango na hujabishiwa hodi?”

“Ndio mtindo huo, babu.”

“Haya. Na akiingia, wamkaribisha nini?”

Kijana hakuwa na jibu, na swali hilo ni uhakiki bora kuliko huu wangu wote. Mzee hakusema ni marufuku. Aliuliza una nini ndani.

Anayecheza bao ana haki ya kuuliza hivyo. Katika bao la Kiswahili mwanzo haukupi nafasi ya kujishaua. Kete ni 64, kila mtu ana 32: sita ndani ya nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo ya kando, na 22 mkononi. Kwa mpangilio huo hatua ya kwanza haiwezi hata kula. Unatakata tu, na machaguo yako yanahesabika kwa vidole. Uajabu unakuja baadaye, kwenye ile nyumba. Busara ya kawaida inasema ilinde nyumba yako, usiivunje mapema. Halafu anatokea fundi anaivunja mapema, kete zinatawanyika upande wake wote, watu wanaguna, na baada ya mizunguko kadhaa unaona alichokuwa akinunua. Au unaona hakuwa akinunua kitu. Wote wanaomzunguka wanajua kutofautisha, bila kompyuta. Hakuna anayemwuliza kama hatua ni ya kawaida. Wanaangalia kama alijua bei yake.

Mianzo ya sataranji hubeba majina kwa namna ya ovyo sana, hebu niseme hili kabla sijasahau. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Nguzo ya Wareno bado iko pale watalii wanapopiga picha. Miaka 14 baadaye, 1512, Mreno mwingine, mwuza dawa aitwaye Damiano, alichapisha kitabu cha sataranji kule Roma. Ndani yake alionya: e4 ikijibiwa e5, na farasi akitoka f3, usimlinde askari wako kwa f6, ni vibaya sana. Vizazi vilivyofuata wakauita mwanzo huo mbaya kwa jina lake. Utetezi wa Damiano! Mtu anakukataza kuanguka shimoni, unaliita shimo jina lake. Na Malindi hii yenye pizza kila kona na wauza vinyago wanaoongea Kiitaliano fasaha kuliko Kiingereza, mwanzo wa Kiitaliano, ulio mzuri, mpole, unaofaa kila mtu, hakuna kijana anayetaka kuucheza. Eti ni wa kawaida.

Kwa hivyo nikiulizwa niweke mianzo hii kwenye rafu, Englund naiweka na vichekesho vya dakika moja: cheka, mpelekee rafiki, futa. Stafford kando yake, ila juu kidogo, kwa sababu hata baada ya siri kujulikana mweusi ana kete zilizoamka na anaweza kukusumbua. Orangutan na ule wa Miles nawaweka na vitabu ambavyo nitavisoma tena. Na g4 naiacha mezani, haijaingia rafuni, kwa sababu inategemea kabisa nani ameicheza na kama anaweza kumjibu yule mzee.

Kama umepangiwa kete nyeusi raundi ijayo dhidi ya kijana wa g4, jibu d5. Atatoa askofu g2, na askari wake wa g4 atakuwa amesimama wazi mbele ya askofu wako wa c8. Wengi wanamla hapo hapo. Mimi simli. Nasogeza askari c6, naikaza d5, natafuta nafasi ya e5, kisha nangoja, maana askari hawarudi nyuma na lile pengo haliwezi kuzibwa. Mara ya mwisho tulikwenda hivyo mpaka hatua ya 51, saa zote mbili zimebaki chini ya dakika moja, ikawa sare. Tulizirudisha kete mahali pake na kuanza upya kutoka hatua ya 14, na mpaka leo hatujakubaliana kama ngome yake ilifaa kukaa g1 au kubaki h1.